Mstari wa Sindano

Despina Kalogeras aliifunga kesi ya Unaisi Tabualevu kwa dakika arobaini. Siku kumi na tisa baadaye, Jumanne asubuhi, akiwa anapanga nyaraka za kupeleka mbele ya baraza la nidhamu, aligundua kwamba ameifunga vibaya.

Kilichomshtua kilikuwa karatasi ambayo wala hakuiomba. Mtu wa kompyuta wa Taasisi ya Carrick alikuwa amemtumia mafaili yote ya mashine ya kupimia transista, na miongoni mwayo lilikuwamo moja ambalo mashine ilijiandikia yenyewe Alhamisi ya tarehe kumi na nne Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Lilikuwa na namba zilezile za wepesi wa chaji zilizozua kesi baada ya kuchapishwa: kumi na mbili nukta nane, kumi na tatu nukta moja, kumi na tatu nukta mbili, kumi na tatu nukta nne.

Unaisi, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Fiji, alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba namba hizo alizitunga mwenyewe, nyumbani, Jumapili ya tarehe kumi na saba.

Hakuna anayetunga Jumapili kitu ambacho mashine ilikwisha kukiandika Alhamisi.

Despina alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na miwili hapahapa Newcastle, Australia, kumi na moja ya mwisho katika kitengo cha udanganyifu. Baada ya kustaafu, taasisi za utafiti zilimwita pale mtu alipotuhumiwa kughushi matokeo. Alijua vizuri kwamba watu hukiri mambo ambayo hawakuyafanya; somo hilo alikuwa amewafundisha makuruta kwa mdomo wake. Lakini siku ile alikuwa na miadi kwa daktari wa meno saa nane, msichana alikuwa analia, na karatasi ililetwa ikiwa imeshasainiwa. Akaipokea.

Ijumaa baraza lingekaa. Likiifuata ripoti yake, Unaisi angepoteza nafasi ya masomo, na viza yake ingekufa pamoja na nafasi hiyo.

Alivaa koti, akachukua ile karatasi ya mashine na fomu ya maabara ya siku ile, akaendesha gari kwenda mtaa wa Mayfield, alikoishi Unaisi, huku upepo wa Agosti ukilisukuma gari pembeni kila alipovuka njia panda.

Mlango ulifunguliwa na Vasemaca, shangazi yake Unaisi, akiwa bado na sare ya makao ya wazee anakofanya kazi. Hakusogea kumpisha.

"Umekuja kuchukua nini tena?"

Despina akajibu kwamba amekuja kuuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza mara ya kwanza. Vasemaca alimtazama viatu, akamtazama uso, halafu akarudi nyuma hatua moja.

Unaisi alikuwa jikoni anamenya mihogo. Alikuwa amepungua. Alipomwona mgeni alisimama kwa adabu, kisha akaketi tena bila kuinua macho. Despina aliweka karatasi mezani, mbali kidogo na maganda, akamwonyesha tarehe na saa.

"Jumapili ile ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Kutwa nzima?"

"Asubuhi kanisani," shangazi alidakia, "mchana hapa, anaosha vyombo vya watu arobaini. Hata kalamu hakushika. Ungeuliza ungeambiwa."

Despina hakujitetea. Alimuuliza Unaisi kwa nini alisaini. Msichana aliendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha, ndipo akasema neno moja la kwao.

"Madua."

Shangazi akageuzia uso dirishani. "Aibu," alisema. "Anasema aibu."

Baada ya hapo maneno yalitoka, taratibu na kwa vipande. Polima iliyopimwa siku ile, aliyoiita P-Saba, aliibuni yeye. Ilikuwa plastiki ya aina yake, nusukipitishi cha umeme, ya kutengenezea transista nyembamba zinazopakwa kama wino juu ya kitu kinachokunjika. Alimweleza Despina kwamba kila mnyororo wa plastiki hiyo una uti wa mgongo, na ubavuni mwake huota nywele zinazoisaidia kuyeyuka. Nywele zikigawanyika matawi karibu mno na uti, minyororo husukumana, na chaji hushindwa kuruka kutoka mmoja kwenda mwingine. Yeye alilisogeza tawi mbali, kaboni nne kutoka kwenye uti, na minyororo ikalala pamoja kama vijiko ndani ya droo. Alitumia miaka miwili kwa kaboni hizo nne. Alipoieleza sehemu hiyo, kwa mara ya kwanza aliinua macho.

Kisha akayashusha. Polima ikishapikwa, alisema, huoshwa siku tatu kwa vimiminiko vitatu ili kuondoa minyororo mifupi na mabaki ya kichocheo. Yeye aliosha siku moja. Mjomba wake alifariki Sydney, akapanda treni, na aliporudi Jumatatu ya tarehe kumi na moja aliandika kwenye daftari la maabara kwamba ameosha siku zote tatu. Maabara za Japani na Ujerumani zilipopika P-Saba na kupata robo tu ya namba ile, aliamini kwamba ni uchafu wake uliozaa namba ya uongo.

"Ulimwambia msimamizi wako, Profesa Tindale, habari ya kuosha?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Unaisi alikwangua ukucha kwa kisu. "Alisema jambo hilo ni dogo mno, baraza halitalielewa. Alisema kutunga namba ndiko kunakoeleweka. Nikisaini, mambo yataisha kimya, na Baba hatasoma jina letu gazetini."

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu huko Savusavu. Alikuwa hajaambiwa lolote. Alidhani binti yake yuko likizo ya majira ya baridi.

Despina aliandika yote, akamsomea, akamwomba asahihishe. Alipokuwa anaondoka alitaka kusema neno la kuomba radhi, lakini Vasemaca alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, na neno lenyewe likaonekana jepesi mno kwa mzigo uliokuwepo. Alishukuru tu, akatoka.

Maabara ilikuwa ghorofa ya chini ya Carrick. Redio ilikuwa inatangaza mechi ya raga, na Merv Gorringe alikuwa ameketi kwenye stuli ndefu, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alikuwa fundi wa maabara hiyo kwa miaka ishirini na sita, mtu mnene mwenye nyusi nyeupe, anayewatania maprofesa na wafagiaji kwa kipimo kimoja.

"Mama Polisi," alisema. "Safari hii umekuja na pingu? Maana hii mikono haitoshi kwenye pingu za kawaida."

Despina alimwambia kuna jambo dogo hakulielewa. Kama polima haikuoshwa vizuri, je, namba yake inaweza kupanda mara nne?

Utani ukamtoka Merv usoni. "Nani kakwambia hilo? Uchafu unapunguza. Chaji inanasa kwenye takataka kama vile wewe unavyonasa kwenye foleni ya daraja la Stockton. Sijawahi kuona uchafu unaoongeza kitu. Yule binti kama kosa lake ni hilo tu, basi hana kosa la namba."

"Mbona hukusema hivyo nilipokuja mwanzo?"

"Hukuniuliza." Akanywa chai. Kikombe kilikuwa nusu tu. "Wewe ulipanda juu, ukashuka, ukaondoka."

Ilikuwa kweli, na Despina aliiacha ipite. Alimwomba amweleze kazi ya siku ile ya Machi, hatua kwa hatua. Merv alieleza vizuri, bila madoido. Unachukua kigae cha silikoni, mraba mdogo kama stempu. Juu yake kuna jozi kumi na mbili za vituo vya dhahabu, zimepangwa mstari mmoja, na kila jozi ni transista moja. Unadondosha tone la polima iliyoyeyushwa, unakizungusha kigae kwa kasi, na utando mmoja mwembamba unaenea kote. Unakipasha joto. Halafu unakipeleka mashineni, unapima moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia.

Despina alikuwa na fomu ya siku hiyo mkononi. Ilikuwa na visanduku sita vya kutia alama. Merv alikuwa ametaja hatua tano.

"Na hii hapa, 'imekwaruzwa'?"

"Ah, hiyo. Kusafisha kingo tu kwa sindano."

"Nani aliyetia alama?"

"Mimi. Huwa ni mimi." Alinyoosha mkono, akapandisha sauti ya redio kidogo, akasema kwamba timu ya nyumbani inafungwa tena.

Despina hakujua kemia, lakini alijua kusoma orodha. Alisimama pale pale akaifungua karatasi ya mashine na kuisoma kuanzia juu. Transista ya kwanza ilisoma tatu nukta moja. Ya pili mbili nukta tisa. Ilikwenda hivyo hivyo mpaka ya nane, karibu tatu zote. Ya tisa ikaruka: kumi na mbili nukta nane. Na tatu za mwisho zikabaki huko juu. Makala ya kisayansi ya Profesa Tindale ilikuwa imechapisha nne hizo tu, kwa jina la vifaa bora.

Utando ulikuwa mmoja, umetoka kwenye tone moja. Wapangaji kumi na wawili wa nyumba moja wakihojiwa, wanane wakasema hivi, na wanne wa mwisho wakasema vingine, polisi haichunguzi nyumba. Inachunguza kilichotokea baada ya yule wa nane.

Alipanda ngazi mbili mpaka kwa Profesa Fergus Tindale.

Tindale alimpokea kwa heshima ya mtu aliyekwisha kumalizana naye. Alikuwa mrefu, nadhifu, na ukutani kwake ilining'inia picha ya P-Saba, uti na nywele zake, imechorwa kwa rangi nzuri. Jina la Unaisi halikuwepo chini yake. Alisema anasikitika kwa yule binti, kwamba shinikizo huwaelemea vijana wa mbali, na kwamba yeye mwenyewe ataandika barua ya kumtetea asichukuliwe hatua kali.

Despina alimuuliza kukwaruza ni nini.

Profesa alifurahi kupata swali rahisi. Alimwambia afikirie uwanja wa mpira wenye lango moja. Ukitaka kujua watu wanapita kwa wepesi gani, unawahesabu walioingia, unagawanya kwa upana wa lango. Hesabu ni sahihi mradi uzio ni mzima. Uzio ukiwa umevunjika, watu wataingia pembeni, nawe utalisifu lango kwa kazi ambayo halikuifanya. Utando wa polima umefunika kigae chote, kwa hiyo umeme unaweza kuzunguka nje ya vituo vya dhahabu. Ndiyo maana kila transista huchorewa mstari kwa ncha ya sindano, pande zote nne, ili itengwe na utando uliobaki.

"Na usipokatwa?"

"Kwa malango membamba kama yetu, namba inaweza kupanda mara tatu. Mara nne." Alisikia alichosema. "Lakini Merv huzikwaruza zote. Ana mkono wa fundi saa."

"Kigae kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya kabati la nitrojeni, kwenye kasha lenye tarehe. Tindale alikichukua mwenyewe kwa kibano, wakaenda chumba cha hadubini, akaweka sawa kioo na kuangalia kwanza yeye. Alikisogeza kigae polepole. Baada ya ile ya nane mkono wake ulisimama.

Kisha alinyanyuka, akampisha Despina.

Transista nane zilikuwa zimezungushiwa mraba safi, mistari miembamba iliyonyooka kama ya rula. Kwenye ya tisa mstari ulianza vizuri, ukatetemeka, ukapinda, ukaenda upande kama njia ya konokono, ukaisha. Ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili hazikuwa na mstari wowote.

"Uliwahi kuzitazama?"

"Picha ya makala ilipigwa ya transista namba tatu," alisema Tindale. "Ilikuwa inatosha."

"Ukachukua nne bora bila kuuliza kwa nini ni bora."

"Nilitaka ziwe bora."

Despina alimuuliza ni lini alianza kushuku. Profesa alizima taa ya hadubini, akaiwasha, akaizima tena. Hatimaye alisema kwamba mwezi Mei wale wa Japani walimwandikia, barua ya adabu sana, wakiuliza kama utando ulikuwa umekatwa kuzunguka kila transista. Aliwajibu siku hiyo hiyo kwamba ndiyo, umekatwa.

"Ulishuka kuangalia?"

"Hapana."

"Ni ngazi mbili."

"Najua ni ngazi ngapi." Uso wake ulikuwa umeiva mpaka masikioni. "Kama ningeshuka ningejua. Nilidhani nisipojua sitakuwa nimedanganya. Halafu yule binti akaja kwangu analia habari ya kuosha, na nikaona kwamba kuna mtu anayetaka kubeba lawama."

Despina aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, akamwekea mbele, na profesa akatia sahihi. Hakuomba kubadilisha neno.

Aliposhuka maabara, Merv alikuwa peke yake. Despina alizima redio. Alichukua kigae cha zamani kutoka kwenye sahani ya majaribio, akakiweka chini ya lenzi ya mezani, akaweka sindano kando yake.

"Nikwaruzie moja, Merv."

"Leo macho yamechoka. Nina mafua pia. Na mgongo, ukipenda."

"Moja tu."

"Kesho asubuhi nitakukwaruzia dazeni, nitakuandikia na jina lako."

Merv aliitazama sindano. Alifuta mikono kwenye koti, akaketi, akaishika sindano. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka kabla haujafika kwenye kigae, kwanza kidole gumba, kisha kiganja chote. Aliushika kwa wa kushoto. Ncha iligonga silikoni mara tatu nne, sauti ndogo ya haraka, kama mtu anayebisha hodi mbali. Aliiweka sindano chini.

"Tangu lini?" Despina aliuliza.

"Krismasi ya mwaka juzi."

Hakuwa amekwenda kwa daktari. Alisema alijua atakachoambiwa, kwa sababu baba yake alikuwa nao ugonjwa huo huo. Alikuwa amejifunza kujaza kikombe nusu, kutia mikono mifukoni watu wakipita, na kukwaruza asubuhi na mapema kabla mkono haujachoka. Siku ile ya Machi alianza saa kumi na mbili. Nane zilimchukua saa tatu. Ya tisa mkono ukakataa, na juu profesa alikuwa ameshapiga simu mara mbili akitaka namba kabla ya mchana.

"Nikatia alama kisanduku. Nilisema zile nne zitatoka ovyo, watazitupa. Huwa wanatupa mbovu." Alivuta pumzi. "Sikujua kwamba zitatoka nzuri."

"Uliposikia Unaisi amekiri?"

"Nilijua siku hiyo hiyo kwamba ni zile nne zangu."

Mashine ya kupozea ilinguruma pembeni. Merv alisema Despina aandike chochote anachotaka, yeye atasaini sasa hivi, yaishe. Alikuwa ameshanyoosha mkono kutafuta kalamu.

Despina alirudisha daftari mfukoni. Alimwambia kwamba kutoka kwenye jengo hilo alikwisha kuletewa karatasi moja iliyosainiwa ili mambo yaishe, naye aliipokea kwa sababu ilimrahisishia mchana wake. Hataki nyingine kabla mwenye kuumizwa hajasikia. "Karatasi baadaye," alisema. "Yeye kwanza. Na utasema wewe."

Merv alivua koti la maabara, akalitundika, likaanguka, akalitundika tena.

Walifika Mayfield saa kumi jioni. Njiani Merv hakutania hata mara moja. Vasemaca aliwapokea kwa kutikisa kichwa tu, na walipoingia sebuleni Despina alianza yeye, akiwa amesimama. Alimwambia Unaisi kwamba ripoti yake ya kwanza ilikuwa na makosa, kwamba makosa hayo ni yake mwenyewe na si ya mtu mwingine, kwamba alimwona mtu analia akafanya haraka. Kesho ataiondoa kwa maandishi, na Ijumaa atalieleza baraza kwa nini. Unaisi alimsikiliza, akasema asante, kwa sauti ya chini, kama anayeshukuru kwa kutuliwa mzigo mzito.

Kisha Merv akasema yake. Aliyasema vibaya, akirudia rudia, akieleza sindano kana kwamba Unaisi haijui sindano. Alikieleza kisanduku nacho, akaendelea mpaka mwisho. Alikuwa amekalia mikono yake.

Alipomaliza, Unaisi alimuuliza swali ambalo Despina hakulitarajia.

"Siku ile niliyotoka kwa Profesa, nilijifungia chumba cha mizani. Nililia sana. Wewe ulikuwa nje, kwenye meza yako. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukafanya nini?"

Merv alitazama zulia. "Niliongeza sauti ya redio."

Vasemaca, ambaye kazi yake ni kuwavisha na kuwalisha wazee wenye mikono kama ile, alikuwa ameshamwelewa mgeni wake tangu alipoketi. Lakini hata yeye alibaki mbali, ameegemea mlango wa jikoni.

"Zile nane za kwanza," Unaisi alisema hatimaye. "Zilizokwaruzwa. Zilisoma ngapi?"

Despina alimpa karatasi. Unaisi alipitisha kidole kwenye safu, akijumlisha kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Tatu nukta moja kwa wastani," alisema. "P-Sita, kabla sijasogeza tawi, ilikuwa sufuri nukta nane." Aliisoma tena kutoka juu. Alijifuta uso kwa kiganja. "Kumbe ilikuwa imefanya kazi. Ilikuwa imefanya kazi siku zote."

Merv alitaka kusema kitu. Unaisi alimwinulia kiganja, bila hasira.

"Nenda nyumbani, Merv. Nenda kwa daktari. Leo sina neno zuri la kukupa, na sitaki kukupa baya."

Mzee alisimama, akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kusubiri ndani ya gari. Despina alifungua daftari na kumsomea Unaisi maelezo yatakayokwenda barazani. Unaisi alisikiliza mpaka mwisho, akasema limesahaulika jambo. Kuosha. Aliandika siku tatu, na ilikuwa siku moja.

Despina alimwambia kwamba hilo halikugusa namba, na kwamba likiingia kwenye maelezo, baraza litalazimika kumpa onyo, na onyo hilo litakaa kwenye kumbukumbu zake.

"Walitoe," alisema Unaisi. "Ni langu."

Aliliandika mwenyewe, mistari miwili, akasaini. Kisha akamwomba shangazi yake simu, kwa sababu yake haikuwa na salio la kupiga nje. Savusavu kulikuwa kumeshaingia jioni. Mwalimu mkuu angekuwa amerudi kutoka shuleni. Alibonyeza namba akiwa amesimama wima, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, na simu ilipopokelewa aliinamisha kichwa ingawa hakuna aliyemwona kule.

Alikuwa na habari njema ya kutoa, nayo ilikuwa mezani mbele yake, imepigwa muhuri wa saa na tarehe. Hakuanza nayo. Wala hakuanza na Tindale au Merv.

"Baba," alisema, "nimeandika uongo kwenye daftari langu la kazi. Subiri, usiseme kitu. Nataka nikueleze wangu kwanza."